Kabla ya kumpeleka mtoto kambini, ulizeni nani yuko zamu saa nane usiku

Ndugu Mhariri,

Kila likizo ndefu inapokaribia, magazeti hujaa matangazo ya kambi za watoto: za michezo, za dini, za skauti, za kompyuta, za lugha. Matangazo hayo hutaja bwawa la kuogelea, vyeti na fulana za bure. Wazazi nao huuliza ada, tarehe na kama kuna muuguzi. Swali ambalo ni nadra kulisikia ni hili: katika siku nzima ya kambi, ni wakati gani mtu mzima mmoja anaweza kujikuta peke yake na mtoto mmoja, na nani amepewa kazi ya kuzuia hilo lisitokee? Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tulieleze, kwa sababu kinga karibu yote dhidi ya ukatili wa watoto kambini imejengwa juu ya swali hilo.

Watu wengi wakifikiria hatari ya kambini humfikiria mtu baki anayeruka uzio usiku. Uzio ujengwe na mlinzi awepo, sawa. Lakini walio wengi kati ya wanaodhalilisha watoto ni watu ambao mtoto anawajua na wazazi wanawaamini: kocha, mwalimu wa dini, kijana mchangamfu anayepiga gitaa, dereva wa basi, au mtoto mkubwa wa hema la pili. Mtu wa namna hii haingii kwa nguvu. Hujitolea. Hufika mapema, huondoka wa mwisho, huchukua zamu ambazo wenzake hawazitaki, na kwa sababu hiyo uongozi humpenda. Hatusemi kila anayejituma atiliwe shaka, maana tukifanya hivyo hatutabaki na kambi hata moja. Tunasema nia ya mtu haisomeki usoni, kwa hiyo kanuni imbane kila mmoja kwa kipimo kilekile, na zaidi yule ambaye wote tunaapa kwamba hawezi kufanya jambo kama hilo.

Kanuni yenyewe ni fupi: mtu mzima na mtoto wasiwe wawili peke yao mahali ambapo hakuna mwingine anayewaona. Chama cha Maskauti Wavulana cha Marekani kiliiweka kanuni ya viongozi wawili katika miaka ya 1980, ilhali kilikuwa na mafaili ya siri ya viongozi walioondolewa tangu miaka ya 1920. Kilipoomba mahakama ikikinge dhidi ya wadai kwa sababu ya kufilisika, mwezi Februari 2020, walijitokeza watu zaidi ya 82,000 waliosema walidhalilishwa wakiwa maskauti, na mfuko wa fidia uliokubaliwa ni wa dola bilioni 2.46. Kwa hiyo kuiandika kanuni si kazi. Kazi ni kuwa na watu wa kutosha kuitekeleza, na hapo ndipo kambi nyingi huanguka kabla hata mtoto wa kwanza hajafika.

Tupige hesabu. Chama cha Kambi cha Marekani kinapendekeza kwamba katika kambi za kulala, watoto wa miaka 6 hadi 8 wawe na kiongozi mmoja kwa watoto 6, wa miaka 9 hadi 14 mmoja kwa watoto 8, na kuanzia miaka 15 mmoja kwa vijana 10. Chukua kambi ya watoto 48 wa miaka 9 hadi 14. Ukigawa kwa 8 unapata viongozi 6. Mwandaaji huajiri 6 na kuona amemaliza. Usiku wa kwanza mtoto mmoja anapata homa kali na inabidi apelekwe hospitali. Kwa kanuni, waende watu wazima wawili. Wamebaki wanne na watoto 47, na wawili kati yao wamelala kwa sababu wana zamu ya alfajiri. Sasa hema mbili hazina msimamizi, na anayezunguka anazunguka peke yake. Kanuni imevunjika bila mtu yeyote kukusudia, na keshokutwa kuivunja kutakuwa ndiyo kawaida. Kambi ya ukubwa huo inahitaji watu 9: sita wenye vikundi, wawili wasio na kikundi ambao kazi yao ni kuziba pengo, na mkuu wa kambi asiye na hema. Wapishi, madereva na walinzi hawahesabiki humo, ingawa nao lazima wachunguzwe kama wengine. Kama fedha za watu 9 hazipo, chukueni watoto 32 na watu 7. Kambi isiyoweza kupunguza watoto imeshaonyesha inachokithamini.

Kuhusu kuwachunguza hao viongozi, tunaona cheti cha polisi kikipewa uzito kuliko uwezo wake. Kiombeni, ni lazima, lakini mara nyingi huonyesha tu aliyekwisha kutiwa hatiani, na wengi hawajawahi hata kushitakiwa. Baada ya mauaji ya wasichana wawili mjini Soham, Uingereza, mwaka 2002, ilibainika kwamba muuaji alikuwa ameajiriwa shuleni kwa jina tofauti, ilhali polisi wa eneo alikotoka walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa dhidi yake. Karatasi zilipita. Kinachosaidia zaidi ni simu. Mpigie mdhamini mwenyewe, usiridhike na barua, na angalau mmoja awe mtu aliyemsimamia mwombaji mahali pa mwisho alipofanya kazi na watoto. Muulize swali moja lisilo na njia ya kuzunguka: ungemrudisha kazini awe na watoto wako? Kimya cha sekunde tano baada ya swali hilo ni jibu. Angalieni pia miaka isiyoelezeka katika maelezo ya kazi, na mtu aliyehama taasisi nne kwa miaka mitatu bila sababu inayoeleweka.

Katika usaili, mpeni mwombaji tukio badala ya kumuuliza kama anapenda watoto. Nani atasema hapana? Mwambieni: mtoto wa miaka saba amekuja kwako usiku analia, anataka kulala karibu nawe. Utafanya nini? Anayejibu kwamba atamwamsha mwenzake, wakae na mtoto mahali penye taa hadi atulie, ameelewa. Anayesema atampa nafasi kitandani huenda ana huruma tu, lakini hajui kazi, na asiachwe na watoto mpaka ajue.

Usiku ndio unaoonyesha kama kambi ina mpango au ina matumaini tu. Tutazame jambo dogo linalotokea karibu kila kambi ya watoto wadogo: saa nane usiku, mvulana wa miaka minane amekojoa kitandani. Anaona aibu na hataki wenzake wajue. Katika kambi isiyo na mpango, kiongozi mmoja humwamsha kwa upole, humtoa nje, humpeleka bafuni, humvua nguo, humsafisha na kumwambia, "Usijali, hii itabaki siri yetu mimi na wewe." Huyo kiongozi anaweza kuwa na moyo safi kabisa. Hata hivyo amepita hatua zote ambazo mrubuni wa watoto huzipita: amemtenga, amemvua, amemgusa, amempa siri. Na mtoto amefundishwa kwamba siri ya usiku na mtu mzima ni wema.

Kambi yenye mpango iliuliza jambo hilo kwenye fomu ya mzazi mapema. Shuka na nguo za kulalia za akiba ziko kwenye mfuko karibu na mlango. Kiongozi wa zamu anamwita mwenzake kabla ya kufanya lolote. Mtoto anajibadilisha mwenyewe nyuma ya pazia. Mmoja anatandika kitanda upya, mwingine anasimama mlangoni. Asubuhi shuka zinafuliwa pamoja na za wengine, bila neno. Kwenye daftari la zamu inaandikwa saa, jina la mtoto na majina ya viongozi wawili waliokuwepo, na mzazi anajulishwa. Wenzake hawajui kitu, heshima yake imelindwa, na bado hakuna siri yoyote kati yake na mtu mzima. Kazi nzima haizidi dakika kumi. Tofauti ya kambi hizo mbili ni mfuko wa shuka, daftari na mtu wa pili.

Mengine ya usiku hayana ugumu. Viongozi wasilale kitanda kimoja wala hema moja na mtoto, na wanapolala ukumbini na watoto wawe wawili au zaidi, karibu na mlango. Njia ya chooni iwe na taa, na watoto waende watatu watatu. Wakiwa watatu, mmoja akipata shida mmoja anabaki naye na mwingine anakimbia kuita. Bafuni watoto na watu wazima wawe na saa tofauti, na kiongozi asimame nje, anakosikia bila kuchungulia. Simu zenye kamera zisiingie kabisa sehemu za kuogea, kubadilishia nguo na kulala, hata ya mkuu wa kambi.

Mchana matundu hujificha kwenye saa zisizo na shughuli: baada ya chakula cha mchana, wakati wa kubadili nguo za kuogelea, na ile nusu saa kabla ya basi kufika. Ramani ya kambi ichorwe, kila kona isiyoonekana iwekewe alama, kisha kila alama ipewe jina la mtu na saa atakayopita. Stoo ifungwe na ufunguo uwe na mwenyewe anayejulikana. Chumba cha huduma ya kwanza kiwe na mlango ulio wazi na mtu wa pili ndani au mlangoni. Safarini, mtoto wa mwisho kushushwa ndiye anayesahaulika. Njia ipangwe ili wa mwisho wawe wawili au abaki kiongozi mwingine ndani ya gari. Ujumbe wa simu kati ya kiongozi na mtoto upite kwenye kundi ambalo mzazi yumo, na utaratibu huo uendelee kambi ikisha kuvunjwa. Warubuni wengi hutumia kambi kama mahali pa kujuana tu. Yanayofuata hutokea baadaye, kwa simu.

Kuna eneo ambalo hata waandaaji makini hulikwepa, nalo ni watoto kuwadhuru watoto. Sehemu kubwa ya udhalilishaji wa kingono dhidi ya watoto hufanywa na watu ambao nao hawajafikisha miaka 18. Kambini huanza kwa jina la mchezo: kumkaribisha mgeni kwa kumvua nguo, kumvizia bafuni, kumfanya "mtumishi" wa hema. Mkubwa husema nasi tulifanyiwa. Mila za kukaribisha wageni zipigwe marufuku kwa maandishi, na viongozi waambiwe waziwazi kwamba kucheka nao pia ni kosa. Watoto wa hema moja wasipishane zaidi ya miaka miwili au mitatu. Viongozi wadogo wa miaka 16 na 17 wana shida ya pekee: wamepewa mamlaka juu ya wenzao, ilhali wao wenyewe bado ni watoto wanaopaswa kulindwa. Wasiachiwe hema peke yao, wasihesabiwe kwenye uwiano wa viongozi, na wasilale chumba kimoja wala hema moja na viongozi watu wazima. Mtoto aliyemdhuru mwenzake atenganishwe na wengine na ashughulikiwe na watu wa ustawi wa jamii wenye ujuzi. Kumchapa mbele ya wenzake na kumrudisha hemani hakumsaidii yeye wala aliyeumizwa.

Watoto wenyewe waambiwe nini? Jioni ya kwanza, kabla ya nyimbo na moto, robo saa inatosha. Wafundishwe kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo za kuogelea hazishikwi na mtu, hazipigwi picha, na hawaombwi kushika za mwingine. Kwamba zawadi ya kushtukiza ina siku ya kufunuliwa, lakini siri isiyo na mwisho lazima isemwe. Na kwamba wakiambiwa "ukisema utafukuzwa", huo ndio wakati wa kusema. Wapewe majina na sura za watu watatu wa kuwaendea, na mmoja kati yao awe mtu asiye mfanyakazi wa kambi. Kukusanya simu za watoto hatukupingi. Tunachokipinga ni kuwanyima kuongea na nyumbani eti wasije wakalia. Kuwepo simu ya kambi na saa yake ya kila siku, na kiongozi akae mbali, asione wala asisikie. Lakini tuseme ukweli: robo saa hiyo ni nyongeza. Mtoto wa miaka saba hawezi kuachiwa kazi ya kumshinda mtu mzima kwa akili.

Kazi hiyo ni ya viongozi, na huanza na makosa madogo. Mrubuni hupima kanuni kabla ya kumgusa mtoto. Anampa mmoja pipi ambayo wengine hawakupewa, anachelewa naye kurudi kutoka mtoni, anamwita jina la mapenzi, anamtumia ujumbe mmoja "wa kumjulia hali". Anaangalia nani atasema. Kwa hiyo kila kanuni ndogo iliyovunjwa iandikwe siku hiyohiyo, hata kama sababu ilikuwa nzuri, na mkuu wa kambi azisome zote kila jioni. Kosa moja ni kukumbushana. Makosa matatu ya mtu mmoja kwa mtoto yuleyule ni jambo lingine kabisa, na halionekani kamwe kama kila mtu amebaki na kipande chake kichwani.

Mtoto akisema ametendewa jambo, anayeambiwa asikilize, asishtuke mbele yake, na asiahidi kutunza siri. Amwambie amefanya vizuri kusema na kwamba kosa si lake. Aulize machache tu na yaliyo wazi: ilikuwaje, ilikuwa wapi, nani alikuwepo. Asiulize "fulani alikushika, siyo?" maana swali hilo linaweza kuiua kesi mahakamani. Aandike papo hapo maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, hata yakiwa ya kitoto, kisha saa, tarehe na sahihi. Asimhoji tena, wala mkuu wa kambi asimhoji, wala kamati isimkalishe kitako; mtoto anayerudia habari yake mara tano huonekana anabadilisha maneno. Mtuhumiwa aondolewe palipo na watoto mara moja, asielezwe nani amesema nini, na polisi au ustawi wa jamii wajulishwe siku hiyohiyo. Mzazi aambiwe pia, isipokuwa kama ndiye anayetuhumiwa.

Kama kuna kubakwa au kulawitiwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Hutumiwa kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura hufanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila moja peke yake, kwa sababu mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Kosa linaloumiza sana hapa hufanywa kwa huruma: matroni anamwogesha mtoto, anafua nguo, anampa chai, ndipo anaita wakubwa.

Halafu yapo makosa yasiyo ya huruma. John Smyth, wakili Mwingereza aliyekuwa kiongozi katika kambi za Kikristo za wavulana nchini kwake, alikuwa akiwapiga wavulana hadi kuwatoa damu. Mwaka 1982 taarifa iliandikwa, ikasomwa na watu wachache wa kanisa, na polisi hawakuambiwa. Mwaka 1984 alihamia Zimbabwe na kuanzisha kambi nyingine. Mwaka 1992 mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa ndani ya bwawa katika moja ya kambi hizo. Smyth alifariki mwaka 2018 bila kuhukumiwa. Uchunguzi uliotangazwa Novemba 2024 ulikadiria waliodhuriwa Uingereza na Afrika kuwa zaidi ya 100, na Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Justin Welby, kiongozi mkuu wa kiroho wa Kanisa la Uingereza, akatangaza kujiuzulu siku chache baadaye. Waliojua mwaka 1982 walidhani wanalinda kazi njema. Ndivyo wanavyofikiri pia wale wanaomwambia mtuhumiwa aondoke kimyakimya na kumwandikia barua nzuri ya utambulisho, na wale wanaoyamaliza mambo kati ya wazee kwa faini. Barua hiyo ndiyo itakayomfungulia lango la kambi inayofuata.

Tuna ombi moja kwa gazeti lako. Kambi yoyote inayoleta tangazo itakiwe kujaza mistari minne chini ya tangazo: idadi ya watoto na ya viongozi wenye vikundi, idadi ya walio zamu usiku, jina la cheo cha anayepokea malalamiko pamoja na namba ya simu ya mtu wa nje ya kambi, na kama kanuni za kuwalinda watoto zinapatikana kwa maandishi kabla ya kulipa. Nafasi inayohitajika ni sentimita mbili za safu. Mwandaaji aliyejipanga atazijaza wakati mhasibu wenu anaandika risiti.

Ni sisi,
Walezi na wasimamizi wa kambi za watoto